Orodha ya Waliolala

Wawira mwanangu,

Saa hizi umeketi kwenye kiti cha msusi kule Runyenjes, na kwa jinsi ninavyokijua hicho kichwa ulichorithi kwa baba yako, hutarudi hapa Karurumo kabla ya saa kumi na moja. Hiyo inanipa alasiri nzima ya kujitia ujasiri. Nimejifungia chumbani kwako, kwenye meza yako, maana chumba changu kinatazama barabara, na kila anayepita angenisalimia dirishani, nami ningefurahi mno kuiweka kalamu chini nikapiga soga.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kupiga simu kila Jumapili shangazi yako amekwisha kuyasema, tena mara mbili, na mara ya pili akakuandikia kwenye karatasi. Sitaongeza. Mimi nina neno moja ambalo nimekaa nalo karibu mwaka mzima. Ukiondoka kesho alfajiri kwenda Kigali bila kulisikia, utalibeba mpaka huko kosa ambalo si lako, na utaingia nalo kwenye kila kazi utakayofanya. Yaliyotokea Bondeni hayakutokana na hesabu zako. Yalitokana na mimi. Niliyajua tangu siku ya kwanza, na nikakuacha uyabebe wewe.

Haya, nimeliandika, na sasa lazima nieleze.

Siku tatu zilizopita tulikuwa jikoni, wewe unachambua maharagwe, ukasema bila kuinua macho: "Mami, unajua ni nini inaniogopesha na hii kazi? Nitakuwa nakaa mbele ya data ya watu sijawahi ona, na siku moja nitafanya tena ile kitu nilifanyia Cucu." Mimi nilikuwa nakoroga uji. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, mwanangu, kilichobaki ni kuingia tu. Nikasema, "Usijali, utazoea." Utazoea! Nilikoroga ule uji mpaka ukashika chini, na wewe ukaula hivyo hivyo bila kulalamika.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Mmeru wa Nkubu, baba yako Muembu, na tulipooana kila mmoja alidhani lugha ya mwenzake ni yake mwenyewe iliyoharibika, basi tukakubaliana tukutane katikati. Kiingereza nimekiachia ripoti. Nimeandika ripoti nyingi nzuri kwa Kiingereza, na hakuna hata moja iliyosema hili ninalotaka kukuambia.

Unajua kwamba hatukuanzia hapa Karurumo. Tulianzia Bondeni, kwenye shamba la Cucu, kule chini ambako lami inaisha na ndengu hukubali kuliko kahawa. Kilichoko nyuma ya hapo sijawahi kukueleza vizuri. Baba yako alikuwa amepata kazi Kiambere, kwenye bwawa, akawa anaonekana mwisho wa mwezi kama mgeni. Nikabaki mimi na Cucu, mama mkwe wangu, na ng'ombe mmoja ambaye maziwa yake yalijaza sufuria moja na kikombe juu. Majirani watatu nao walikuwa na ng'ombe mmoja mmoja wa namna hiyo hiyo. Ukipeleka kidogo hicho chako peke yako kila siku kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mwisho wa mwezi unapokea kitu ambacho kinaisha kabla hujafika nyumbani. Kwa hivyo wale wanawake walikuwa wanamwagiana. Mwezi huu maziwa ya nyumba zote nne yanaandikwa kwa nambari ya uanachama ya mmoja, mwezi ujao kwa nambari ya mwingine, mpaka mzunguko ukamilike. Ikifika zamu yako, unapata kitu cha kushika mkononi na kukifanyia jambo.

Cucu ndiye aliyeniingiza. Mimi msichana wa juzi, Kimeru changu kinawachekesha, na yeye akawaambia wenzake nichukue zamu yake, yeye atangoja mzunguko mwingine. Zamu hiyo ndiyo iliyonilipia kozi ya kompyuta Embu mjini. Nilikuwa na mimba yako. Nilikuwa nakaa mbali na meza kwa sababu ya tumbo, nanyoosha mikono kufikia vitufe, na mwalimu alikuwa akisema mtoto huyu atazaliwa anajua kupiga chapa. Nilikuwa na furaha ya kijinga siku zile. Nazitamani sana, hata ile njaa ya saa nne asubuhi.

Kozi hiyo ndiyo iliyonifanya karani wa kituo cha Bondeni. Kitabu kilikuwa changu, kalamu ilikuwa yangu, na kila asubuhi niliandika maziwa ya wanawake wanne mbele ya nambari moja, nikijua ng'ombe wa nani ametoa kiasi gani. Sheria ya chama chetu cha maziwa ilikataza jambo hilo tangu zamani: kila mtu maziwa yake, kila mtu nambari yake, ili yakipatikana mabaya ajulikane mwenyewe. Niliijua sheria hiyo kwa moyo, na niliandika. Baadaye nikapandishwa kazi, tukahamia huku juu, nikapandishwa tena, na siku moja nikajikuta meneja wa chama kizima cha maziwa, nina ofisi yenye pazia.

Kisha ukaja wewe na shahada yako ya takwimu.

Sijawahi kukuambia nilivyojivunia. Chama kilikuwa kimenunua mizani ya kidijitali na simu za kupokelea maziwa vituoni, na ule mfumo mkubwa wa kompyuta ambao kila mtu aliuogopa, na kwa miezi sita tulikuwa tunautumia kuchapisha stakabadhi tu. Vitabu vyangu vya zamani, vilivyolowa mvua mpaka kurasa zikagandana, vilikuwa vinatuambia mengi zaidi. Wewe ulikuja, ukaomba kazi ya miezi mitatu, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kuondoka mbele ya kompyuta. Ulipanda lori la maziwa wiki mbili, na kipimajoto mkononi, ukiandika saa lilipofika kila kituo na joto la kila mtungi. Dereva akaja kuniuliza kama nimekutuma kumpeleleza.

Ukarudi ukatuonyesha kwamba maziwa ya kule chini hayaharibiki kwa sababu ya uchafu wa watu wa chini, kama kamati ilivyopenda kusema. Yaliharibika kwa sababu lori lilianza na vituo vya karibu, likafika chini jua likiwa limepanda. Ukageuza njia. Ukaanzia mbali, ukamalizia karibu. Jambo rahisi namna hiyo, na sisi watu wazima tulikuwa tumegombana juu yake miaka. Mitungi iliyokuwa ikirudishwa ikapungua mpaka nikadhani mashine imeharibika. Jumapili hiyo nilikaa benchi la mbele kanisani, na nilivaa lile gauni la zambarau.

Baada ya hapo nikaacha kwenda vituoni. Angalia hilo, Wawira, kwa sababu ndipo kuanguka kwangu kulipoanzia. Zamani nilikuwa nafika kila kituo mara moja kwa mwezi, nasimama na watu kwenye foleni, nasikia nani ana mgonjwa, ng'ombe wa nani amezaa dume tena. Mfumo ulipoanza kuniletea vituo vyote ofisini, kijani hapa na nyekundu pale, nikaona sina haja ya kuchafua viatu. Nikawa nakunywa chai nikitazama skrini na kujiambia ninawaona watu wangu. Wewe ulikuwa ukinisomea lita za asubuhi mezani kabla hatujaondoka nyumbani, ukitia mbwembwe kama mtangazaji wa mpira, na nilikuwa nacheka. Sijui nitaamkaje kesho kutwa bila sauti hiyo.

Ndipo ile kampuni inayonunua maziwa yetu ikasema itatuma watu kukagua. Walitaka kujua kila lita imetoka kwa nani, na chama kina wanachama wangapi walio hai. Kamati ikatoa uamuzi kwamba aliyewahi kukosa kuleta maziwa miezi miwili mfululizo ahesabiwe amelala, nambari yake ifungwe mwezi ukiisha. Ukaanza kuitengeneza hiyo orodha ya waliolala. Ulikuwa umeyaficha majina, umebakiza nambari peke yake, ili usimpendelee mtu wala kumwonea. Hilo nalo lilikuwa sawa. Kila ulichofanya kilikuwa sawa.

Ukaniita. "Mami, kuja uone kitu." Nikaja na kikombe changu. "Hizi nambari nne za Bondeni. Huyu mwezi mmoja analeta mingi sana, halafu miezi tatu hakuna kitu. Huyu mwingine naye anaanza penye huyu ameachia. Halafu huyu. Ni kama wanapokezana. Ng'ombe haiwezi kauka hivyo, ama inaweza?"

Nilitazama ile grafu. Mistari minne, mmoja ukishuka mwingine unapanda, kwa zamu, bila kukosea hata mwezi mmoja. Sikuhitaji majina. Nilizijua zile nambari kama ninavyojua siku yako ya kuzaliwa, nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu miaka yote ile. Ya nne ilikuwa ya Cucu. Walikuwa bado wanamwagiana, Wawira, na kwa dakika moja nilitaka kulia kwa kuwatamani.

Halafu nikakujibu. "Kule chini ni kukavu. Ng'ombe wa huko hukauka vibaya. Hao wamelala, weka kwa orodha."

"Una uhakika?"

"Kwani ni nani amekaa Bondeni, ni mimi ama ni wewe?"

Ukacheka, ukaandika.

Unataka kujua kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara nilijaribu kupata sababu nzuri zaidi kuliko ile ya kweli. Ya kweli ni kwamba niliogopa. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi. Kama ningesema naijua grafu hiyo, ningelazimika kusema naijuaje, na kwamba sheria ilivunjwa kwa kalamu yangu kabla ya mtu yeyote kule kamatini kuninyooshea mkono wa kunichagua. Nilikiona kiti changu kikiondoka na pazia lake. Na kulikuwa na aibu pia, aibu ndogo mbaya, ya mtu ambaye hataki wageni wajue alianza maisha kwa maziwa ya majirani. Nikajiambia wakaguzi wakiondoka nitashuka Bondeni kimya kimya, niwaambie kila mmoja alete yake. Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakaondoka. Wiki hiyo sikushuka. Wala iliyofuata. Skrini ilikuwa kijani.

Siku ya kwanza ya mwezi ilikuwa zamu ya Cucu. Karani alinieleza baadaye. Alifika mapema, na maziwa ya nyumba nne, amefunga kile kitambaa chake cha kanisa kana kwamba anaenda kupokea baraka. Mwezi huo alikuwa anunue tangi la maji, ameliongelea karibu mwaka. Karani akaweka nambari, mashine ikakataa. Akaweka tena. Akamwambia, "Cucu, hii namba haiko." Na Cucu akamjibu, "Namba iko. Si mimi niko hapa?" Walibishana mpaka lori likapiga honi. Ule mtungi ulirudi nyumbani ulivyokuja. Wakawapa ndama, wakawapa watoto wa jirani, na mengine wakayamwaga.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu yalipita kwenye meza yako. Wakaanza kumuuzia mchuuzi wa maziwa mwenye pikipiki. Lita za Bondeni zikashuka. Lita ziliposhuka, mfumo ukaonyesha lori linakwenda mbali kwa ajili ya maziwa machache, na kamati ikaliondoa lori. Kila hatua ilikuwa na ripoti yake, na kila ripoti ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo palinifundisha jambo ambalo hakuna kozi iliyowahi kunifundisha: neno moja la uongo likiingizwa mwanzoni, hesabu zote zinazofuata zinaweza kuwa safi kabisa na bado zikamnyima maji mwanamke mzee.

Kisha mkutano. Sitauzungusha. Wanawake wa Bondeni walikuja kwa miguu mpaka ukumbi wa kanisa, na yule mrefu, jirani wa Cucu, akasimama akaeleza walivyokuwa wakimwagiana kwa zamu, kisha akauliza, "Nataka kujua ni nani alisema sisi tumelala. Mimi naamka saa kumi kila siku. Nani alitupata tumelala?" Watu wakacheka, halafu wakanitazama. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.

Nikasema, "Wamama, hata mimi iliniuma. Lakini hiyo ilitoka kwa kompyuta. Hesabu ilifanywa na Wawira, na mnajua bado ni mtoto, anajifunza."

Ulikuwa umeketi mwisho wa meza. Uso wako ulibadilika, kisha ukasimama, hakuna aliyekuambia usimame, ukasema, "Mniwie radhi. Ningeuliza zaidi." Na uliuliza, Wawira! Uliuliza swali lililo sawa, kwa wakati ulio sawa. Hukukosea kuuliza. Mtu uliyemuuliza ndiye aliyekuwa na jibu akalificha, na mtu huyo alikuwa mama yako.

Jioni ile tukirudi nyumbani ukaniuliza, "Kwani Mami, wewe hukuwa unajua hii kitu ya kumwagiana?" Nikasema zamani labda, nilidhani waliacha. Huo ukawa uongo wa tatu, na uliniponyoka kwa urahisi zaidi kuliko wa kwanza.

Siku iliyofuata uliketi hapa hapa nilipoketi, ukatengeneza nambari ya kikundi. Nyumba nne, nambari moja, kila mtungi una alama ya nyumba yake, ili yakipatikana mabaya ajulikane mwenyewe. Kampuni ikakubali bila swali. Ilikuchukua alasiri moja. Ningekuambia ukweli siku ile ya grafu, wakaguzi wangekuta jambo la kutusifia, na Cucu angekuwa na tangi lake. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Lakini lori lilikuwa limekwisha kuondolewa, na ng'ombe wa Cucu alikuwa amekwisha kuuzwa. Na wewe ukaacha kwenda Bondeni, wewe uliyepewa jina lake, wewe ambaye baba yako hukuita mama kwa sababu yake.

Huko uendako utafanya kazi ya kuziambia kampuni za watu wengine mahali zinapopoteza nguvu zao. Utaifanya vizuri, na sitaki uiogope. Watu wanaoogopa hesabu hukimbilia kelele, na kelele ilituongoza hapa miaka mingi lori likizunguka vibaya. Nakuomba tu umwangalie mtu unayemuuliza. Utaingia ofisini kwa meneja, mtu mzima, mwenye heshima, umwonyeshe mstari uliokushangaza. Akisema hajui, mwamini, na uende ukatafute. Akijibu haraka mno, akakuuliza nani kati yenu amekaa huko, mwangalie mikono. Mimi kikombe changu kiligonga meza siku ile. Uliipangusa chai iliyomwagika kwa mkono wa nguo yako ukaendelea na kazi, kwa sababu ulinipenda, na hukuwa na sababu ya kunishuku.

Na ukiwa wewe ndiye meneja siku moja, mwenye pazia, kumbuka kwamba nilikuwa mtu mwema kabla ya hapo. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Sikuamka siku ile nikitaka kumdhuru mtu. Nilitaka wiki moja ipite salama.

Leo asubuhi, ulipoondoka kwenda kusukwa, nilichukua bodaboda nikashuka Bondeni. Nilimkuta Cucu uani, anapepeta ndengu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kile kigoda cha chini, nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Nilipomaliza alikuwa bado anapepeta. Nitaweka maneno yake kwa Kiswahili, maana aliyasema kwa Kiembu na kwa ukali ambao siwezi kuuandika.

"Nilijua," akasema. "Huyo mtoto angejulia wapi mambo ya kumwagiana? Mlipohamia huko juu alikuwa bado mtoto mdogo. Mimi nilikuwa nangoja wewe."

Nikamwambia wewe unadhani amekukasirikia, ndiyo maana huendi.

Akauweka ungo chini. "Nani amemkasirikia? Mimi kila Jumapili napika chapati, hazina mtu wa kula. Nilidhani yeye ndiye hataki kuniona, amekuwa mtu wa kompyuta." Akapangusa macho kwa ncha ya leso, haraka, kama mtu aliyeingiwa na makapi. Kisha akaniuliza, "Na yeye umemwambia?"

"Bado, mama."

"Sasa kwangu umekuja kufanya nini? Nenda kwake."

Hakunipa hata chai. Miaka yote ile niliyoijua nyumba hiyo, ni mara ya kwanza nimetoka bila chai. Nilipofika kwenye lango akaniita, akasema kesho atapanda huku juu mapema, kungali giza, baba yako akipita kumchukua akitoka Kiambere, na kwamba nisikuache uondoke kabla hajafika. Kamati nimeiandikia pia. Jumamosi nitasimama kwenye ukumbi ule ule, na safari hii nitakitumia kipaza sauti vizuri. Wakinitoa, wamenitoa. Nambari ya kikundi itabaki, na nimeomba lori lirudi chini, na ombi hilo limebebwa na grafu yako, ile ile, ikiwa na maelezo yake ya kweli.

Baba yako naye nitamwambia kesho, njiani tukirudi kutoka kukusindikiza. Yule ni mama yake. Sijui atasema nini.

Nimekutazama wiki hii ukizunguka nyumba hii, unachukua kitabu hapa, unaacha kingine pale, unamkemea paka kwa Kimeru changu kibovu, na kila kitu ulichokigusa nimekigusa baada yako. Nilikuwa nakuita kutoka chumba kingine bila sababu, ili nisikie "Naam, Mami." Ulikuwa ukija, nami nasema nimesahau nilichotaka. Sikuwa nimesahau. Nilitaka hilo, na nilitaka hili, na hili lilinishinda.

Barua kama hii watu huificha sandukuni chini ya nguo, msafiri akaisomee mbali, na aliyeiandika awe salama nyumbani kwake. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga, na nimekwisha kuona hiyo ingekuwa kukukimbia tena. Kwa hivyo sitaificha. Ukiingia nitakupa mkononi, kabla hujavua viatu, na nitasimama hapo hapo ukiisoma. Una haki ya kunifokea. Nifokee leo, Wawira, kwa sauti yote uliyo nayo, nikiwa mbele yako, maana kuanzia kesho nyumba hii itakuwa kimya, na nitakaa humo nikitamani hata hasira yako.

Mama yako.